Dobi Aliyewafundisha Watu Tisa Kuvua Glavu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mvuke umeshaanza kutoka kwenye madirisha ya chumba cha kufulia cha hospitali. Mwanamke mwenye kitambaa cha bluu kichwani anavuta kiti chake hadi kwenye meza ya kukunjia. Anakaa taratibu, mkono mmoja ukiwa umeshika tumbo, kisha anachukua shuka la kwanza.

Kona kwa kona. Anavuta, ananyoosha kwa kiganja, anakunja. Kona kwa kona tena. Mkunjo wa tatu ukimalizika, chapa ya hospitali lazima itokee juu, upande wa kulia, na iwe imenyooka. Anafanya hivyo mara kumi na kuyapanga mashuka yote kumi pembeni. Hayo hayaendi wodini bado. Yanasubiri mkaguzi.

Mkaguzi ni mwanamume mpana wa miaka arobaini na mmoja, ambaye hubeba peke yake gunia la mashuka mabichi ambalo wenzake hulibeba wawili. Wanamwita Tingatinga. Anafuta mikono kwenye aproni, anainama, anakagua kona moja moja.

"Haya, sema," mwanamke anamhimiza.

"Leo uko sawa, dada."

"Niko sawa au unanionea huruma?"

"Uko sawa. La nane limepinda kidogo, lakini hata mimi ningelipinda."

"Wewe unapinda yote. Usijilinganishe na mimi."

Wanacheka, na kazi inaanza. Mgeni akipita hapo atadhani ni ukaguzi wa kawaida wa kazi. Kumbe ni kipimo cha ubongo. Ini la mwanamke huyu limeshindwa kazi, na sumu ambayo lilipaswa kuiondoa kwenye damu huweza kupanda kichwani na kumvuruga akili. Ikianza kupanda, mikono yake hukosea kabla mdomo haujakosea. Mashuka kumi yakikunjwa ovyo, Tingatinga ana amri ya kumpeleka kwa daktari saa hiyo hiyo, apende asipende.

Hapa kazini anaitwa Mama Kona, kwa jinsi anavyoshikilia kona za mashuka kama vile ni kona za nchi. Ana miaka hamsini na miwili, na ishirini na mitatu kati ya hiyo ameitumia ndani ya chumba hiki. Ana homa ya ini aina ya C, au tuseme alikuwa nayo, maana virusi vyenyewe vimeshatoka mwilini. Vimeondoka vikiwa vimelimaliza ini.

Ukimuuliza ilikuwaje, hakuanzii kwenye ugonjwa. Anakuanzia kwenye sindano.

Katika mwaka wake wa kwanza kazini, sindano moja ilijificha kwenye pindo la shuka. Ilifuliwa, ikakaushwa, ikapigwa pasi na kupelekwa wodi ya wazazi, ambako ilimchoma pajani mama aliyejifungua siku hiyo. Muuguzi mkuu alishuka hadi chumba cha kufulia na kuwasema wote mpaka wakatamani ardhi ipasuke wajifiche.

"Yule mama alikuwa analia tu," anakumbuka. "Amemkumbatia mtoto wake kifuani. Nikajiapiza. Nikasema haitatokea tena mimi nikiwa hapa."

Glavu zilizokuwepo zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na zile nzito za mpira zinazofika kiwikoni, ambazo ukizivaa huwezi kutofautisha sindano na uzi. Na kulikuwa na nyepesi, ambazo huchanika kabla gunia la kwanza halijaisha. Mama Kona alizijaribu zote, akaziona hazina maana. Akazivua.

Akabuni namna yake ya kuchambua mashuka machafu kwa mikono mitupu. Unalitandaza shuka mezani, unatembeza viganja kutoka katikati kwenda pembeni, unapapasa bila kubana, na kitu chochote kigumu utakihisi. Aliita "kulisoma shuka". Kwa kusoma huko alitoa sindano, pini, mikasi, pete za ndoa, na mara moja seti nzima ya meno ya bandia, ambayo mwenyewe alikuja kuyadai akiwa amefunika mdomo kwa leso.

Na njia hiyo ilifanya kazi. Miaka ikapita, hakuna wodi iliyolalamika tena. Msimamizi akampa Mama Kona jukumu la kuwafundisha wafanyakazi wapya. Aliwafundisha tisa. Kila aliyekuja, neno la kwanza la Mama Kona kwake lilikuwa moja.

"Vua," anasema, na hapo sauti yake inashuka. "Nilikuwa nawaambia glavu ni kipofu, mkono ndio unaona. Nilijiona mwalimu kweli kweli."

Mwenyewe alichomwa mara ngapi? Aliacha kuhesabu alipofika kumi na nne. Ukichomwa, ulikamua damu, ukajimwagia klorini kidogo, ukaendelea. Klorini ikiwasha sana walifurahi, wakijua imefanya kazi. Hakuna aliyeandika popote, na hakuna aliyepima. Kutoka chumba cha kufulia hadi maabara ya hospitali hiyo hiyo ni mwendo wa dakika mbili, tena kwenye njia yenye kivuli.

Daktari anayemtibu, mwanamke mpole lakini asiyefichaficha mambo, anaeleza kwamba virusi hivi hupita kwenye damu. Havipiti kwenye kushikana mikono, kukumbatiana wala kula sahani moja. Sindano yenye damu ya mwenye virusi ikikuchoma mara moja, uwezekano wa kuambukizwa ni mdogo, kama watu wawili kwa kila mia. "Lakini huyu hakuchomwa mara moja," daktari anasema. "Alichomwa kwa miaka."

Ubaya wa virusi hivi ni ukimya wake. Mtu anaweza kukaa navyo miaka ishirini akila, akilala, akifanya kazi, huku ini likijeruhiwa na kupona, likijeruhiwa na kupona, mpaka linajaa makovu na kuwa gumu. Wengi hawasikii kitu. Anayesikia, husikia uchovu.

"Uchovu!" Mama Kona anaguna. "Nani katika chumba hiki hachoki? Ningekwenda kwa daktari kusema nimechoka, si wangenicheka?"

Baada ya uchovu ikaja miguu kuvimba. Miguu ilifuatiwa na tumbo. Wafanyakazi wenzake walianza kumtania kwamba ana ujauzito, na mumewe, fundi bomba mstaafu mwenye masihara mengi, hakusaidia.

"Mimi nilishaanza kutafuta jina la mtoto," mume anasema, na wote wawili wanacheka. Kisha yeye ndiye anayeacha kucheka kwanza. "Nilipaswa kushtuka. Nimezibua mabomba maisha yangu yote. Maji yakijaa mahali pasipo pake, huwa najua kuna kitu kimeziba. Kwa mke wangu sikujua."

Macho yalipogeuka rangi ya manjano, mtaani wakapata la kusema. Walisema ni pombe. Walisema mama yule anakunywa kwa siri, ndiyo maana hajawahi kuonekana baa.

"Mimi pombe siijui hata harufu," anasema. "Yale maneno yalinikata maini. Na hapo maini yenyewe yalishakuwa yamekatika zamani."

Lakini kilichomchelewesha zaidi, kwa maelezo yake na ya wenzake, hakikuwa masengenyo. Kilikuwa wema.

Miaka miwili iliyopita, Tingatinga aligundua kwamba mikunjo ya Mama Kona imeharibika. Chapa ya hospitali ilikuwa inaingia ndani. Kona zilikuwa zinapishana kwa upana wa kiganja. Mtu aliyekuwa akimrudishia kila mmoja shuka lake kwa kosa la unene wa kidole, sasa yeye mwenyewe alikunja kama anayefunga mzigo wa kuhama.

"Nikasema dada amechoka, umri unaingia," Tingatinga anasimulia. "Msimamizi akiona, atamtoa kwenye meza, na ile meza ndiyo heshima yake. Kwa hiyo tukakubaliana. Akitoka kwenda chai, tunayakunja upya. Kimya kimya. Hakuna kumwambia."

Walifanya hivyo kwa wiki mbili. Watu sita walikunja upya mamia ya mashuka kila siku ili mwenzao asiaibike. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba wanaficha dalili ambayo daktari yeyote wa hospitali hiyo angeitambua.

Asubuhi moja Mama Kona akachukua rundo la mashuka makavu, yaliyokwisha kunjwa, akayarudisha kwenye mashine na kumimina sabuni. Tingatinga alipomuuliza, alimjibu kwa kumwita baba, akamwambia asimpige, atakwenda shule. Baba yake alifariki miaka thelathini iliyopita. Tingatinga hakungoja kitanda cha magurudumu. Alimbeba mikononi hadi mapokezi.

Alikaa wodini siku kumi na tisa. Siku ya nne akili ziliporudi, kitu cha kwanza alichokigusa ni shuka la kitanda, na kitu cha kwanza alichosema ni kulalamikia pasi. Siku ya sita aliambiwa anachoumwa.

Daktari alimweleza kazi ya ini kwa maneno ya kitabu. Mama Kona akasikiliza hadi mwisho, halafu akajieleza mwenyewe kwa maneno yake, na hayo ndiyo anayowaeleza wengine mpaka leo.

"Ini ni dobi wa damu. Kila unachokula na kunywa, damu inachafuka, inapelekwa kwa dobi, anaisafisha, inarudi. Sasa dobi wangu amelemaa. Nguo chafu zinajaa, nyingine zinarudishwa mwilini hivyo hivyo na uchafu wake. Ndiyo maana macho yana manjano, tumbo lina maji, na kichwa kikichafuka nakuita wewe baba yangu."

Kilichomuuma zaidi siku ile hakikuwa jina la ugonjwa. Ni pale daktari alipomwambia kwamba dawa ya virusi hivyo ipo, tena ni vidonge tu. Kwa mtu ambaye ini lake bado ni zima, humezwa kwa miezi mitatu, na karibu wote wanaoimaliza hupona kabisa. Dawa hiyo ilikuwa imeshakuwepo kwa miaka.

"Niligeukia ukutani," anasema. "Dawa ilikuwa kwenye jengo lile pale. Mimi niko hili hapa. Miaka yote hiyo nafua mashuka ya watu wanaotibiwa ugonjwa wangu."

Naye alipewa vidonge, kwa miezi sita badala ya mitatu kwa sababu ya hali yake. Virusi vikaisha. "Virusi hatuna tena," daktari anasema. "Makovu tunayo. Wapo ambao ini hujikongoja likapata nafuu baada ya virusi kuondoka. Lake limepata nafuu kidogo sana." Njia iliyobaki ni kupandikizwa ini, upasuaji mkubwa ambao haufanyiki katika hospitali hii. Mume alijitolea, kundi la damu likakataa. Mdogo wa kiume wa Mama Kona amejitolea pia, na vipimo vyake havijakamilika. Bila ini jipya, daktari anazungumzia mwaka mmoja, pengine miwili.

Mwanamke aliyeambiwa hivyo angeweza kwenda nyumbani na kujilaza. Mama Kona aliomba karatasi na kalamu. Akaandika majina tisa.

"Hao ndio niliowavua glavu," anasema. "Ningelala vipi?"

Aliporuhusiwa kurudi kazini kwa nusu siku, akikaa tu na kukunja, alikwenda kwanza kwa msimamizi. Anakiri hakuwa na adabu. Alimwambia mashuka machafu hayataguswa tena kwa mkono, na kama yataguswa, yeye atakwenda kukaa mlangoni mwa mkurugenzi na tumbo lake hilo mpaka aulizwe lina nini. Msimamizi alileta glavu mpya zisizopenya ncha. Mume naye akaingia kazini kwa namna yake. Alichonga koleo mbili ndefu kwa vipande vya mabomba, na chini ya meza ya kuchambulia akafunga sumaku alizotoa kwenye spika mbovu. Sasa shuka hutikiswa kwa koleo juu ya meza kabla halijasogea popote, na sindano ikidondoka hunaswa hapo hapo.

Halafu akawafuata wale tisa. Wawili walishaacha kazi; mmoja alimpata kwa simu, mwingine alimfuata hadi kwenye kibanda chake cha kushonea viatu, akasimama mlangoni mpaka alipofunga kazi na kuandamana naye. Katika miezi minne, wanane walipimwa. Saba hawakuwa na kitu. Mmoja, binti wa kwenye pasi, alikutwa na virusi. Ini lake lilikuwa bado laini. Alimeza vidonge kwa miezi mitatu, na leo anapiga pasi huku akiimba kwa sauti mbaya ambayo hakuna anayethubutu kumlalamikia.

Akabaki mmoja. Tingatinga.

Na huyu alikuwa mgumu. Leo ana udhuru wa gunia, kesho ana udhuru wa mkutano wa shule ya watoto, keshokutwa anasema damu yake ni nzito haitoki. Mwanamume anayeinua mashine kwa bega alikuwa anakimbia tone moja la damu ya kidoleni. Wakati wa chai wenzake walimtania, naye alicheka nao, na hakwenda.

Mama Kona alitumia ubembelezi, akatumia ukali, akatumia mke wa Tingatinga. Hakuna kilichofaa. Mwishowe akamwomba jambo jingine kabisa. Alimwambia, Alhamisi nina miadi, mume wangu ana safari, nisindikize.

Miadi hiyo ilikuwa ya kutolewa maji tumboni. Hufanyiwa hivyo kila baada ya wiki tatu hivi. Unalala chali, unachomwa sindano ya ganzi ubavuni, mrija unaingizwa, na maji ya rangi ya chai nyepesi yanaanza kushuka kwenye chupa ya lita moja. Mwandishi wa makala haya alikuwepo, kwa ruhusa yake. Tingatinga alikalishwa kwenye kiti kando ya kitanda, magoti yamembana, hajui pa kuweka mikono yake mikubwa.

Chupa ya kwanza ikajaa. Ikaja ya pili. Muuguzi aliibadilisha ya tatu, ya nne. Mama Kona alikuwa anazungumza habari za sabuni mpya, kwamba haina povu na wauzaji wamewapiga changa la macho. Ilipofika lita ya saba, Tingatinga aliinamisha uso kwenye viganja.

"Tazama," Mama Kona alimwambia. "Sikukuleta hapa uangalie sakafu."

"Dada, inatosha."

"Haitoshi. Ini langu lilikuwa kama lako. Lilikuwa halina maneno, lilikuwa linafanya kazi. Unaogopa nini, mwanamume mzima?"

"Siogopi."

"Basi ni nini?"

Muuguzi alisogea dirishani, akajifanya anapanga pamba. Kisha Tingatinga akasema, bila kuinua uso, maneno ambayo Mama Kona anasema hakuyategemea hata kidogo.

"Nikikutwa nao, utajua ni wewe. Utasema umeniua. Nawe hali yako ndiyo hii. Mimi sitaki uende na hilo kichwani, dada. Kama ninao, basi niwe nao. Wewe usijue."

Mama Kona hakulia. Aliyelia ni muuguzi, na mwandishi naye nusura alie. Mama Kona alijiinua kwa kiwiko, mrija ukiwa ubavuni, mpaka muuguzi akamkimbilia.

"Mlikunja mashuka yangu wiki mbili," alisema. "Kwa huruma. Mkanificha hali yangu mwenyewe. Nimewasamehe kwa sababu hamkujua. Leo unajua, na unataka kunifanyia tena? Usinihurumie, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekwambia vua, na nina haki ya kujua nilichokufanyia. Ukinificha hilo, hapo ndipo utakuwa umenikosea."

Chupa ya mwisho ilikuwa ya nane. Tingatinga aliibeba yeye mwenyewe hadi inakomwagwa, akarudi, akamvalisha Mama Kona viatu. Halafu hakuelekea chumba cha kufulia. Alipinda kulia, kwenye kile kinjia chenye kivuli, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita ya kazi akaingia maabara.

Kipimo cha kwanza kilitoa mistari miwili. Maana yake ni kwamba damu imewahi kukutana na virusi; kilihitajika kipimo kingine kuonyesha kama bado vimo. Majibu yalichukua siku kumi na moja, siku ambazo Mama Kona anasema zilikuwa ndefu kuliko zake zote za wodini. Katika siku hizo hakukosea hata mkunjo mmoja. Alikuwa anakunja kwa hasira, binti wa pasi anasema, na mashuka yalitoka kama yamekatwa kwa msumeno.

Virusi vilikuwemo.

Tingatinga alikuja kumwambia mwenyewe. Alimkuta mezani, akasimama mbele yake na karatasi mkononi kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Mama Kona aliisoma yote. Akauliza swali moja tu: ini likoje? Tingatinga akampa karatasi ya pili, ya kipimo cha picha. Ini laini. Makovu kidogo sana. Vidonge, kimoja kwa siku, wiki kumi na mbili.

"Nilitaka kumwomba radhi," Mama Kona anasema. "Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kabisa. Nikamwangalia, yeye ndiye anatetemeka. Nikasema radhi baadaye. Nikamuuliza, unameza saa ngapi?"

Wakakubaliana saa nne, muda wa chai, mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo hakuna chai inayonywewa katika chumba hicho kabla Tingatinga hajameza na kufungua mdomo kuonyesha. Anasema hata mama yake mzazi hakuwahi kumkagua hivyo. Siku moja aliumwa mafua, hakuja kazini. Saa nne na dakika tano simu yake ililia, na alitakiwa kumeza huku simu ikiwa wazi ili sauti ya maji isikike.

Mama Kona mwenyewe ana yake ya kumeza. Vidonge vya kupunguza maji asubuhi, na mara tatu kwa siku dawa ya maji, tamu kupita kiasi, inayomkimbiza chooni ili sumu itoke kwa njia hiyo isipande kichwani. "Hapo ndipo akili zangu zinapotengenezwa," anasema akiuonyesha mlango wa choo, bila haya yoyote. Chumvi amekatazwa. Mumewe hupika bila chumvi kwa wote wawili, na hula akisifia, uso ukiwa umekunjamana. "Watu wananiambia mama umekula chumvi nyingi," Mama Kona anasema. "Nawaambia hata hiyo niliyobakiza wameninyang'anya."

Si siku zote anashinda. Mwezi uliopita alitapika damu, mishipa ya koo ikiwa imevimba kwa sababu ini halipitishi tena damu sawasawa. Alilazwa siku sita. Asubuhi mbili tofauti mashuka yake kumi yamefeli, na mara zote mbili Tingatinga alimshika mkono bila kujadiliana na kumpeleka. Mara ya pili Mama Kona alimwita majina ambayo hayaandikiki gazetini. Jioni hakukumbuka hata moja. Tingatinga anayakumbuka yote na humdai radhi kila Ijumaa.

Wakati makala haya yanaandikwa, Tingatinga amemeza vidonge kwa siku thelathini na mbili. Akimaliza, itabidi zipite wiki nyingine kumi na mbili kabla ya kipimo cha mwisho, kile kinachothibitisha kwamba virusi vimeisha na havirudi. Kwa hesabu hiyo, karatasi ya kumtangaza mzima iko mbali kwa zaidi ya miezi minne.

Mama Kona anaijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote. Tingatinga alipoanza dawa tu, mama huyu alikwenda nayo kwa daktari, akamwambia anahitaji kuwa hai, na akili zikiwa kichwani, kwa karibu miezi sita. Daktari, ambaye hana kawaida ya kudanganya, alimwambia kwamba hawezi kumwahidi.

"Nikamwambia, daktari, sikuja kuomba ahadi. Nimekuletea taarifa."

Kuhusu ini la mdogo wake, anasema likikubali atashukuru, na atapanda kitanda cha upasuaji bila kujiuliza mara mbili. Lakini hilo si analoliwaza akiamka. Anaiwaza ile karatasi. Hataki kusomewa. Hataki kuambiwa na mtu kando ya kitanda huku yeye hajui leo ni siku gani. Anataka aishike kwa mikono yake, aisome mstari kwa mstari, na aelewe kila neno.

"Nikishaisoma hiyo," anasema, akivuta shuka jingine, "hapo ndipo nitaumwa kwa nafasi yangu. Sasa hivi sina muda."